Taa za pikipiki za kale: kutoka kabaidi hadi betri ya volti 6 (uzi mrefu, wenye BSA na mafundi ingieni)

MagnetoMzee

Wadau, hamjambo.

Mtu akitoa pikipiki ya kale ya Kiingereza, BSA au Matchless, iliyolala bandani Limuru tangu babu yake alipoacha kuiendesha, akaifikisha kwa fundi hapa mjini, neno la kwanza analoambiwa ni hili: "Hizi waya zote ng'oa, hiyo dainamo tupa, tufunge koili ya chaji ya boda na betri ya 12." Mimi napinga, na nitaeleza kwa nini. Waliounda mashine hizi walitenga vitu viwili kwa makusudi, moto wa plagi kando, kwa magneto isiyohitaji betri, na mwanga wa taa kando, kwa dainamo inayochaji betri. Betri ikifa Naivasha, bado unafika nyumbani. Unafika gizani, lakini unafika. Fundi anayekufungia kila kitu kwenye betri moja amekunyang'anya hiyo bahati bila kukuuliza.

Lakini tuanze mwanzo, kabla ya dainamo.

Hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa wengi hata baadaye, pikipiki ilikuwa na umeme wa plagi tu. Taa ilikuwa ya gesi ya asetilini. Mwaka 1892, huko North Carolina, Marekani, Thomas Willson aligundua namna ya kutengeneza kalsiamu kabaidi kwa wingi ndani ya tanuri la umeme. Baada ya hapo taa za kabaidi zikaenea kwenye baiskeli, magari na pikipiki.

Kopo la kutengenezea gesi hiyo lina vyumba viwili. Cha juu kina maji. Cha chini kina kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo mapanel beater wetu wamechomelea mabati ya magari miaka nenda rudi. Koki ndogo inadondosha maji tone kwa tone, gesi inatoka, inapita kwenye mpira hadi taa ya mbele, na mpira mwingine unapeleka nyingine kidogo taa ya nyuma. Ndani ya taa kuna kichomeo cha jiwe laini chenye vitundu viwili vinavyotazamana. Ndimi mbili za gesi zikigongana zinatandaza mwali mmoja bapa, mweupe kabisa, na kioo cha nyuma kinausukuma mbele. Msicheke. Mwanga wa asetilini ni mkali kuliko wa balbu nyingi za kwanza za umeme, na kuna waendeshaji waliokataa kuhama kwa sababu hiyo.

Shida ni adabu zake. Unafungua koki, unangoja gesi isukume hewa yote itoke kwenye mpira, ndipo unawasha kiberiti. Ukikimbilia kuwasha mapema, mchanganyiko wa hewa na asetilini unalipuka kwa kiwango chochote kati ya asilimia 2.5 na 80 hivi, na hakuna gesi nyingi za kazi zenye upana huo. Ukitaka kuzima, kufunga koki hakutoshi, maana maji yaliyokwisha dondoka yataendelea kutoa gesi. Ukifika nyumbani unamwaga chokaa yote iliyobaki baada ya kabaidi kuisha na kuosha kopo. Kuna moja tuliyoletewa ambayo aliyeiendesha mara ya mwisho hakuiosha. Chokaa ilikuwa imeganda hadi kwenye nyuzi za kifuniko, chumba cha chini kimegeuka jiwe moja. Tuliiloweka kwa siki mpaka ikaanza kutoa mapovu, tukawa tunakwangua kwa kijiti cha mwanzi ili tusikwaruze, na chini kabisa tukakuta punje chache za kabaidi ambazo bado zilikuwa hai. Zilipoguswa na maji zikaanza kunuka kitunguu saumu pale pale.

Onyo kwa wanaofufua taa hizi: usipeleke Kamukunji wakakuwekee bomba la shaba nyekundu tupu. Asetilini ikikaa na shaba inaweza kutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Tumia mpira, na viungo vya shaba ya njano kama vile vya awali.

MtuWaBoda

Mzee, si hiyo kabaidi ndiyo wanaivishia ndizi?

MagnetoMzee

Hiyo hiyo. Taa ilikuwa kazi yake ya halali. Ya ndizi sitaki kuingia.

Wamarekani walichoka mapema na mambo ya kudondosha maji. Prest-O-Lite ya Indianapolis, kampuni iliyoanzishwa na Carl Fisher na James Allison mwaka 1904, iliuza mtungi uliokuwa umejazwa asetilini tayari, ikiwa imeyeyushwa ndani ya asetoni. Ndiyo maana ukiona picha ya pikipiki ya Indian au Harley ya miaka hiyo utakuta kamtungi karefu kamelala karibu na usukani. Mtungi ukiisha unabadilishiwa, sawa na sisi na mitungi ya gesi ya jikoni.

WanjaWaGia

Na umeme wa taa ulianza lini hasa? Kuna mtu aliniambia Harley ndiyo ya kwanza.

MagnetoMzee

Dada, kwa mashine inayotoka kiwandani ikiwa na umeme kamili, Indian ilitangulia. Mwaka 1914 walitoa Hendee Special, yenye taa za umeme na stata ya umeme. Stata, mwaka 1914! Cadillac ilikuwa imeweka stata kwenye gari mwaka 1912 tu. Indian walifunga betri mbili za volti 6 na mota moja iliyofanya kazi mbili, kuwasha injini na kuchaji. Betri za wakati huo hazikuhimili mtikisiko wa pikipiki wala mzigo wa stata, na mwaka uliofuata haikuwepo tena. Stata haikuwa jambo la kawaida kwenye pikipiki kubwa mpaka miaka ya 1960 na Wajapani.

Harley walienda taratibu. Model 11-J ya 1915 ilikuwa na taa za umeme na jenereta ya Remy, bila stata. Unapiga teke kama kawaida, taa unawasha kwa swichi. Hiyo ndiyo iliyodumu.

MtuWaBoda

Hapo sielewi kitu kimoja. Magneto inatengeneza umeme wa plagi, sivyo? Sasa kwa nini isiwashe na taa? Kwa boda, magneti moja inafanya yote.

MagnetoMzee

Swali zuri, kijana wangu.

Magneto ya zamani ni sumaku yenye umbo la kiatu cha farasi, na katikati yake inazunguka amecha, kiini cha chuma kilichosukwa waya wa aina mbili: mnene wa mizunguko michache, na juu yake mwembamba kuliko unywele wa mizunguko maelfu. Amecha ikizunguka, mkondo unapanda kwenye ule waya mnene. Unapofika kilele, pointi, yaani swichi ndogo ya kukata mkondo, zinafunguka, uga wa sumaku unaporomoka ghafla, na ule waya mwembamba unatoa volti maelfu. Cheche inaruka kwenye plagi. Volti ni nyingi mno, lakini mkondo ni kiduchu na ni wa mara moja moja. Huwezi kuwasha balbu kwa kitu hicho.

Kichwa kilichofanya kazi hiyo ni Gottlob Honold, fundi wa Robert Bosch kule Stuttgart, mwaka 1902. Uingereza nzima ikawa inanunua za Bosch. Agosti 1914 vita ikaanza na ghafla taifa lenye jeshi la pikipiki, malori na ndege halina magneto, maana zinatoka kwa adui. Viwanda vya Uingereza vililazimika kujifunza haraka. Lucas ya Birmingham, ambayo hadi hapo ilijulikana kwa taa, ilinunua kampuni ya Thomson-Bennett mwaka huo huo wa 1914 ili ipate magneto zake.

Miaka ya 1920 ndipo Lucas wakaleta Magdyno. Chini kuna magneto, juu yake wamefunga dainamo kwa mkanda wa chuma, na gia inazungusha vyote viwili. Ukitazama upande wa kulia wa injini ya BSA M20, ile ya jeshi ya Vita vya Pili iliyotengenezwa zaidi ya 120,000, utaiona nyuma ya silinda. Mashine mbili zimekaa pamoja lakini hazichangii waya hata mmoja. Unaweza kufungua mkanda ukatoa dainamo yote, ukaziba tundu, na injini ikawaka ile ile.

Sasa ya boda unayosema ina babu yake. Villiers, watengenezaji wa injini wa Uingereza, walikuwa na magneto ndani ya gurudumu zito la injini, sumaku zikiwa kwenye gurudumu na koili zimetulia. Wakaongeza koili za taa pembeni. Taa inapata umeme moja kwa moja, hakuna betri, na ndiyo sababu…

MtuWaBoda

…ukiachilia gesi taa inafifia, ukivuta inang'aa! Hiyo naijua. Usiku kwenye mlima, gia ya kwanza, huoni kitu.

MagnetoMzee

Umemaliza mwenyewe. BSA Bantam ya 1948 ilitoka na mfumo wa namna hiyo wa Wico-Pacy. Kwa taa ya kuegeshea, injini ikiwa imezimwa, walikuwa wanaweka betri kavu ya tochi ndani ya taa ya mbele.

FundiKariobangi

Mzee hujagusa kinachotusumbua sisi. Wateja wanaleta Magdyno, pikipiki inawaka asubuhi vizuri kabisa, ikipata moto inazima na haitaki tena mpaka ipoe. Wengi wameshabadilisha kabureta, plagi, mpaka tangi. Ni kondensa, kile kidude cha kuhifadhi chaji kinachosaidia pointi. Imo ndani ya amecha, huioni bila kuvunja kila kitu. Tabia yake ni hiyo, ikiwa baridi inafanya kazi, ikipata joto inavuja. Siku hizi kuna kondensa ndogo mpya zinazofungwa upande wa pointi, hulazimiki kuvunja amecha nzima kwa sababu ya hiyo tu.

La pili, shelaki. Walitumia gundi hiyo kukaza waya wa amecha. Magneto ikikaa miaka na kupata joto, shelaki inalainika, inatoka nje na kugusa chuma, amecha inakwama. Ukiona utomvu wa rangi ya asali ukichungulia ndani, usipige kiki hata kidogo. Itoe ikasukwe upya.

Na ringi ya kuchukua umeme iwe safi. Petroli kidogo kwenye kitambaa, injini ikizungushwa kwa mkono. Vumbi la brashi likijaa pale, cheche inatafuta njia ya mkato.

WanjaWaGia

FundiKariobangi umenisaidia, nina moja inafanya hivyo hivyo na nilikuwa nashuku koili. Sasa upande wa dainamo? Ampea mita yangu haisogei hata nikivuta gesi.

MagnetoMzee

Dada, ni ya mwaka gani? Dainamo za Lucas hadi katikati ya miaka ya 1930 hazikuwa na regyuleta, yaani kidhibiti cha volti. Zilikuwa na brashi tatu, na ile ya tatu ndiyo iliyozuia mkondo usipande kupita kiasi. Dereva alikuwa regyuleta mwenyewe. Swichi ya taa ina nafasi nne: kuzima, chaji, taa ndogo, taa kubwa. Nafasi ya kwanza dainamo haichaji. Ya pili inachaji nusu. Ukiwasha taa inachaji kamili. Safari ndefu ya mchana ilibidi ukumbuke kurudisha swichi, la sivyo unachemsha betri. Na mfumo huo usiuendeshe bila betri, maana volti zitapanda na kuchoma balbu zote kwa mpigo.

Karibu na 1937 wakahamia regyuleta ya kisanduku, chenye koili mbili. Moja ni regyuleta yenyewe. Nyingine ni katauti, na hiyo inaunganisha dainamo na betri inapofika kiasi cha volti 6 na nusu, kisha inaitenganisha injini ikizimwa ili betri isirudishe umeme kwenye dainamo.

WanjaWaGia

Ni ya 1951. Ina kisanduku.

MagnetoMzee

Basi fanya hivi kabla hujamlipa mtu yeyote.

Toa nyaya mbili kwenye dainamo, D na F. Unganisha hizo terminali mbili kwa kipande cha waya, weka mita ya volti kati yake na bodi. Washa injini, ongeza mzunguko taratibu. Sindano ikipanda vizuri kupita 6, dainamo ni nzima na ubaya uko kwenye kisanduku au kwenye waya. Usivute sana wala kushikilia, kwa sababu hapo hakuna kinachozuia volti.

Isiposogea kabisa, huenda imepoteza usumaku kwa kukaa. Rudisha nyaya za dainamo mahali pake, chomoa waya wa F upande wa kisanduku tu, uguse kwa sekunde moja tu kwenye ncha ya betri ambayo haijaenda bodi. Cheche ndogo, basi. Jaribu tena.

Ikigoma, itoe mezani. Unganisha tena zile D na F kwa kipande cha waya, peleka betri hapo na kwenye bodi. Dainamo nzima itazunguka yenyewe kama mota, polepole. Ikitetemeka tu bila kuzunguka, tazama brashi na komuteta, ile ringi ya shaba ambayo brashi zinasugua.

Mlima_Longonot

Nimesoma yote, na bado sijashawishika. Mimi ninaendesha, sipeleki maonyesho. Thika Road saa mbili usiku na balbu ya volti 6, wati 24? Nyuma yako matatu, mbele yako lori lisilo na taa. Gari la kawaida lina wati 55. Ukisema tutunze historia, mimi nasema tutunze shingo. Nilifunga altaneta, jenereta ya kisasa ya mkondo geu, ya volti 12 na sijuti.

MagnetoMzee

Ndugu, hoja yako ya usalama siipingi. Ninachopinga ni kudhani volti 6 ndizo mbaya.

Chukua hesabu. Wati 24 kwa volti 6 ni ampea 4. Nyaya za zamani ni za mpira uliofunikwa pamba. Mpira ukikauka unapasuka, kutu inaingia, kila kiungo kinakula kidogo. Ukipoteza nusu volti tu njiani, umepoteza asilimia 8 ya volti. Lakini mwanga wa balbu haushuki asilimia 8, unashuka karibu robo. Na kosa kubwa kuliko yote ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Taa ya mbele inarudisha umeme kupitia fremu, na kati ya usukani na fremu kuna beringi zilizojaa grisi. Umeme wako unapita kwenye grisi! Funga waya mmoja mnene kutoka ndani ya taa hadi kwenye betri moja kwa moja, halafu uniambie kama ni taa ile ile. Wazungu wanamtania Lucas kwa jina la Mkuu wa Giza, lakini nusu ya giza hilo ni ethi.

Ukitaka 12 bado, dainamo ile ile inaweza. Dainamo haina volti zake za kuzaliwa. Volti zinategemea mzunguko na nguvu ya uga, na anayeamua kikomo ni regyuleta. Kuna regyuleta za kielektroniki zinazoingia ndani ya kisanduku cha zamani, zinaacha ifike 12. Utabadilisha balbu, betri na honi. Itaanza kuchaji injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu zaidi, kwa hiyo kwenye foleni ya Waiyaki Way ni betri ndiyo itakayobeba. Lakini magneto hujaigusa.

Altaneta uliyofunga, cheche yako inatoka wapi?

Mlima_Longonot

Koili na betri.

MagnetoMzee

Hapo ndipo tunapoachana. Triumph wenyewe walipoweka altaneta ya Lucas kwenye Speed Twin ya 1953, na cheche ikawa ya koili, waliweka nafasi ya dharura kwenye swichi, ili betri ikifa altaneta ilishe koili moja kwa moja mpaka injini iwake. Walijua wameondoa nini. Je, fundi wako alikuwekea hiyo?

Mlima_Longonot

Hakuniwekea. Ila mimi nabeba betri ya ziada, na ninaona barabara. Kila mtu na njia yake, mzee wangu.

FundiKariobangi

Nawaunga mkono wote wawili nusu nusu. Mteja wa kwenda Concours, yale mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa, pale Ngong Racecourse mara moja kwa mwaka namrudishia ya awali, na nyaya nasuka upya ndani ya kava ya pamba ionekane ya zamani. Mteja wa kila siku namwekea regyuleta ya kielektroniki na ethi safi. Altaneta naweka tu amecha ikiwa imekufa kabisa na hana pesa ya kuisuka.

WanjaWaGia

Nimepima. Mita ilipanda, kwa hiyo dainamo ni nzima. Kisanduku ndicho kibaya, pointi za katauti zimeungua. Nimeagiza ya kielektroniki.

Jingine: nilinunua LED ya taa ya nyuma Luthuli Avenue, volti 6 kweli, lakini haiwaki. Balbu ya kawaida inawaka pale pale.

MagnetoMzee

Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 zina pozitivu kwenye bodi. Balbu ya kawaida haijali umeme unatoka upande gani, LED inajali. Hiyo uliyonunua ni ya negativu kwenye bodi. Tafuta ya pozitivu, au isiyojali upande. Na uhakikishe regyuleta uliyoagiza ni ya pozitivu, maana hiyo ukiigeuza haitakataa kuwaka tu, itaungua.

WanjaWaGia

Asante mzee. Nimepiga simu, wanabadilisha ile regyuleta kabla haijatumwa.

MtuWaBoda

Na brashi za dainamo je? Kirinyaga Road wameniambia nichukue za stata ya gari, nizisugue kwa msasa ziingie.

FundiKariobangi

Usikubali. Brashi ya stata ina shaba nyingi ndani kwa sababu inabeba ampea nyingi kwa muda mfupi. Ukiiweka kwenye dainamo inayozunguka siku nzima itachimba komuteta mpaka uanze kuona mifereji. Tafuta ya kaboni laini, ya dainamo au altaneta, iwe kubwa kidogo kuliko tundu, halafu ndiyo usugue. Ipite bila kukwama wala kucheza, na springi iikalie katikati. Nina vipande kadhaa kwenye kopo, pita dukani kabla ya saa kumi.